Jiwe ndani ya mvule

Ami hakuipenda ruta, mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka kasi, ilipoletwa karakanani kwetu mtaa wa Langoni, Lamu. Mkono wake ulizoea patasi na nyundo ya mti. Lakini ilipofungwa chini ya meza, kisu kikichomoza juu katikati, aliichunguza kuliko sisi vijana. Kabla umeme haujawashwa alituzungushia kidole hewani: ukikitazama kwa juu, kisu cha mezani huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukabiliane na meno. Ukiupeleka upande mwingine, kisu kitaunyakua na vidole vitaufuata.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa na kazi ya fito nyembamba za kupambia madirisha ya nyumba moja ya kale. Mbao za mvule zilishushwa gatini asubuhi, punda wakatuletea. Mwenzangu alitaka kuzipasua kwanza, apate vipande vya upana wa vidole viwili, ndipo avipitishe kwenye kisu kimoja kimoja. Ami akamzuia. "Mwanangu, kitu kidogo hakina pa kushikwa. Kitie umbo kingali ndani ya ubao mpana, kisha ndio ukipasue."

Tukafanya hivyo. Kisu chenyewe kilikuwa kipana, milimita 50, na kisu cha namna hiyo hakizungushwi kwa kasi ya kile chembamba. Ami alishusha mashine hadi mizunguko 16,000 kwa dakika. Pembeni akafunga ubao uliochanwa meno kama kitana, uubane mvule usirudi nyuma. Kina hatukukimaliza kwa mkupuo mmoja. Tulikwangua kidogo, tukapandisha kisu, tukarudia. Miwani na barakoa hazikuwa na mjadala, maana vumbi la mvule huwasha kifua vibaya.

Nilikuwa nasukuma kwa kibao cha mkono, vidole mbali, sauti ikienda sawasawa. Ghafla ikageuka mkwaruzo mkavu, ubao ukaruka kidogo chini ya mkono wangu. Ami alikuwa ameinama mwisho wa karakana akinoa patasi. Hakuona kitu, alisikia tu.

"Zima!"

Nikazima, nikaushikilia ubao palepale bila kuuinua wala kuuvuta, mpaka kisu kikasimama kabisa. Tukachomoa plagi. Ndani ya doa jeusi mlikuwa na jiwe la kijivu, jiwe hasa, la chokaa iliyojijenga ndani ya mti. Mvule una tabia hiyo, na kwa nje huwezi kujua. Jino moja la kisu lilikuwa limemeguka. Kipande chake nilikikuta kimejichomeka kwenye mbao ya mwongozo, ile iliyosimama nyuma ya kisu. Nikiwaza kile kipande cha fito mkononi mwa mwenzangu, chembamba vile, hadi leo nywele hunisimama.

Ami hakumsema. Alilichokoa jiwe kwa patasi, kisha akaupapasa ubao wote kwa kucha, doa baada ya doa, akapata jingine. Tukafunga kisu kipya: alikizamisha hadi mwisho wa tundu, akakirudisha juu kama milimita 3, ndipo akakaza nati. Kazi ikaendelea hadi karibu na magharibi, na mwenzangu ndiye aliyepasua fito za mwisho kwa msumeno, zote zimenyooka.