Ekari 44 Zilizoitwa Angola

Jumapili usiku. Mama mkwe, Mmarekani mweusi, amepitiwa na usingizi kwenye kochi, miwani bado iko usoni, nami nimebaki na daftari lake mezani.

Jambo hili lilianza siku aliponisikia nikimfundisha mwanangu kutaja babu zake. Kwetu mtoto huanza na jina lake, la baba yake, la babu, na kuendelea mpaka kumbukumbu za wazee zikome. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nikifika mwaka 1870 nakwama."

Akanieleza. Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina watu weusi waliotoka utumwani. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860, walioandikwa majina ni mabwana. Chini yao kuna umri, jinsia na rangi. Babu wa babu yake yumo humo, namwamini, lakini nani atamtambua kwa umri na rangi?

Tumetafuta wiki nyingi na bado hatujampata. Katika kutafuta huko nikakutana na mtu mwingine, wa nyuma zaidi, na nimeshindwa kumwacha.

Walimwandika Antonio. Alikuwa mtu wa Angola, akafikishwa Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, mwaka 1621 kwa meli iitwayo James. Machi 1622 Wapowhatan, wenyeji wa asili wa pale, walishambulia makazi ya Waingereza waliokuwa wakimeza ardhi yao. Kwenye shamba alikotumikishwa waliuawa watu 52, yeye akanusurika. Mwaka huohuo meli Margaret ikamleta mwanamke, wakamwandika Mary. Wakaoana, na kifo ndicho kilichowatenganisha, karibu nusu karne baadaye.

Majina yale walipewa. Kwao waliitwaje? Huko Angola wapo wanaosema Kimbundu, na kwa Kimbundu mtu ni muthu, watu ni athu. Niliposoma maneno hayo niliweka kitabu chini. Nikiwawaza wawili hao wakinong'onezana gizani Virginia, nasikia sauti ambazo mimi wa pwani ya pili ya Afrika ningeweza kuzikaribia.

Walipata uhuru, naye akawa Anthony Johnson. Mwaka 1651 alipewa hati ya ekari 250 upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Miaka miwili baadaye moto ukaunguza mali yao, na mahakama ikamsamehe Mary na binti zao wawili kodi ya kichwa kwa maisha yao yote. Nilisoma mara mbili, kwa kuwa tangu 1643 sheria ya Virginia iliwatoza kodi hiyo wanawake weusi, ilhali wake wa Waingereza hawakutozwa.

Kisha nikafika kwa John Casor. Alikuwa mtu mweusi aliyefanya kazi kwa Johnson, akadai kwamba muda wake wa kutumika umekwisha, akahamia kwa jirani mzungu. Johnson akashtaki, na mwaka 1655 mahakama ikaamua Casor arudishwe kwake. Maisha yake yote. Nilitamani kuliruka hilo nilipomsimulia Mama. Nikamwambia. Alinyamaza kitambo, akasema, "Liandike. Casor naye ana watu wanaomtafuta."

Johnson na Mary walihamia Maryland, koloni la jirani, katika miaka ya 1660, na huko ndiko alikofariki mwaka 1670. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha kule ni mali ya serikali, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Mgeni! Miaka zaidi ya 40 ya jasho lake katika udongo ule, na watoto aliowazaa juu yake.

Mwaka 1677 mjukuu wake, aliyeitwa John Johnson kama baba yake, alinunua shamba la ekari 44 huko Maryland. Akaliita Angola. Hakuwahi kuiona. Bila shaka kuna mtu aliyekuwa akimtajia jina hilo, jioni baada ya jioni, kama ninavyomtajia mwanangu.

Mama aliponisikia nikifika hapo aliomba kalamu. Katika daftari lake, juu ya mstari wa 1870, kulikuwa na ukurasa mtupu aliouacha kwa makusudi. Ameandika hapo "Antonio, Mary, Casor", na pembeni, kwa herufi ndogo: si wetu, lakini wakae hapa kwanza.