Kiatu cha Kushoto Kilicholiwa Upande

Binti yangu alizaliwa na uvimbe laini juu kidogo ya makalio, mkubwa kama limau, uliofunikwa na ngozi nzima isiyo na kidonda. Katika kituo cha kwanza tulichokwenda hapa Tabora tuliambiwa kuwa ni mafuta tu na kwamba yangepungua akikua, nasi tukaamini, maana alitambaa na kutembea kwa wakati wake. Alipofika miaka sita, kiatu chake cha kushoto kikaanza kuliwa upande mmoja, na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akawa anarudi kutoka shuleni na sketi iliyolowa. Nilimgombeza kwa hilo zaidi ya mara moja, jambo linaloniuma mpaka leo.

Tulizunguka karibu mwaka mzima tukipewa dawa za minyoo, dawa za maambukizi ya mkojo na ushauri wa kumnyima maji jioni, hadi daktari mmoja kijana alipoutazama mgongo na mguu kwa pamoja, akatuandikia rufaa ya kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Huko kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kilionyesha tatizo. Mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo kwa kawaida huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, lakini wa binti yangu ulikuwa umenaswa chini zaidi na yale mafuta, na kadiri alivyorefuka ndivyo ulivyozidi kuvutwa, ukiumiza neva za mguu na za kibofu.

Daktari bingwa hakunificha. “Mama,” alisema, “tunampasua ili asiendelee kupoteza, alichokwisha kupoteza huenda kisirudi.” Baada ya upasuaji, mguu ulipata nguvu kiasi. Kibofu hakikurudi.

Muuguzi alinionyesha mara moja tu namna ya kumtoa mkojo kwa mpira, yaani mrija mwembamba unaoingizwa hadi kwenye kibofu, nami sikushika chochote kwa hofu. Aliyenifundisha kweli ni mama wa kitanda cha pili, kutoka Singida, ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi. “Dada, nipe mkono wako,” aliniambia, akauongoza taratibu mpaka mkojo ukaanza kutiririka ndani ya kopo. Kunawa kwa sabuni na mpira safi vinatosha. Tangu mwaka 1972, Dk. Jack Lapides wa Marekani alipoonyesha hivyo, njia hii imelinda figo za watoto wengi. Mama huyo ndiye pia aliyenitahadharisha kuhusu glavu na maputo ya lateksi, yaani mpira wa asili, kwa kuwa watoto wa aina hii hupata mzio wake kwa urahisi. Kwangu mimi, mafunzo yake yalikuwa tiba sawa na kisu cha daktari.

Nawaomba wazazi wenzangu: mtoto akiwa na uvimbe, shimo dogo lisilo la kawaida au kishungi cha nywele kwenye kiuno, msikubali kuambiwa tu kwamba yataisha, ombeni rufaa mapema.

Sasa binti yangu yuko darasa la nne na hujitoa mkojo mwenyewe kila baada ya saa nne, katika choo cha walimu ambacho mwalimu mkuu alimpa ufunguo wake. Mshipa unaweza kunaswa tena wakati akiendelea kurefuka, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunavigeuza viatu vyake pamoja na kuzilinganisha soli.