Asilimia 66.8

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa uwakala wa forodha nilipoandika 2825.80, namba ya forodha ya oksidi za antimoni, mara mbili kwenye tamko moja. Mara ya kwanza nilipatia. Ya pili nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa limekaa wazi ndani ya faili niliyoibeba kwapani.

Mzigo ulikuwa kontena moja, ankara yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisomeka "oksidi ya antimoni, daraja la kiwandani". Wa pili, "oksidi ya antimoni, daraja la 80". Mwuzaji mmoja, mnunuzi mmoja ambaye ni kiwanda cha nyaya za umeme, na mifuko ya kilo 25 iliyopangwa juu ya palleti. Nikaona jina moja, nikatoa namba moja. Dakika kumi hazikufika.

Nilijiamini kwa sababu antimoni, ambayo ni aina ya metali, nilidhani nimeshaimaliza. Mfumo wa HS, orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na ambao tarakimu zake sita za kwanza ni zilezile kila unakokwenda, umeipa antimoni nyumba kadhaa, na mimi nilizikariri tatu kubwa. Mawe yake yaliyochimbwa yako 2617.10. Metali yenyewe ambayo haijafuliwa, pamoja na unga wa metali hiyo, iko 8110.10. Oksidi, yaani antimoni iliyoungana na oksijeni, ziko 2825.80. Nilikuwa najua hata ule mtego mdogo: trioksidi ya antimoni hupatikana ardhini kama madini ya valentinite na senarmontite, kwa hiyo fomula ileile ikija kama mawe ya mgodini inarudi 2617. Hilo nilipenda kuwaeleza wenzangu wakati wa chai, bila kuulizwa.

Siku ya ukaguzi lakiri ilikatwa, na afisa aliyesimamia, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akaomba mfuko mmoja wa kila mstari. Wa kwanza ulitoa unga mweupe, mzito kuliko unavyoonekana. Jambo moja lilinipita pembeni ya macho bila kulishika: mfuko ulipochanwa, vumbi halikuruka. Kisha wa pili ukachanwa, zikamwagika punje. Punje nyeupe, zote za ukubwa mmoja kama dengu, zikidundadunda sakafuni na kutokomea chini ya palleti.

Akaokota moja, akaibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Kijana, hii ndiyo oksidi?"

"Ni oksidi iliyofinyangwa, mama," nikajibu. Neno hilo nililitunga palepale.

Hakunicheka. Alichukua sampuli za mistari yote miwili, akaandika, akasema mzigo ubaki ulipo mpaka maabara ijibu.

Bosi wangu ofisini tulimwita Mzee tu. Hakufoka. Alinyoosha mkono nimpe faili, akapekua hadi karatasi ya mwisho, cheti cha uchambuzi. Mimi nilikuwa nimekisoma mstari mmoja tu, ule wa aseniki, kwa sababu kanuni za usafirishaji wa bidhaa za hatari huziachilia oksidi za antimoni zikiwa na aseniki isiyozidi asilimia 0.5, na kampuni ya meli ilikuwa imeniuliza hilo. Aseniki ilikuwa chini kabisa, nikafunga faili nikiwa na raha zangu.

"Soma hapa," Mzee akasema. Mstari wa pili wa ankara, kiasi cha antimoni: asilimia 66.8.

Nikasoma. Sikuona kitu.

Akageuza bahasha, akaanza kuandika nyuma yake. Antimoni 121.76, mara mbili. Oksijeni 16, mara tatu. Kwa hiyo trioksidi iliyo safi kabisa ni antimoni asilimia 83.5. Tetroksidi, 79.2. Pentoksidi, ambayo ndiyo yenye antimoni kidogo kuliko zote, 75.3. Akaweka kalamu chini.

"Sasa mwanangu, niambie oksidi ya antimoni yenye 66.8 ni ipi."

Hakuna. Hata kama ningechanganya zote tatu kwenye ndoo moja, nisingeshuka chini ya 75.3. Akagawanya 66.8 kwa 83.5, ikaja 0.8 bila kubakiza cha maana. Daraja la 80! Asilimia 80 trioksidi, na 20 ni kitu kingine. Yale niliyodhani ni majina ya biashara yalikuwa hesabu.

Kitu kingine chenyewe kilikuwa poliethilini, aina ya plastiki. Trioksidi ya antimoni peke yake haizuii moto kwa kiasi cha kujisifia. Nguvu yake huonekana ikikutana na bromini au klorini ndani ya plastiki, ambapo joto huzigeuza kuwa gesi inayoingia ndani ya mwali na kuukata. Wenye viwanda hawapendi kuimimina ikiwa unga mkavu, maana vumbi lake si la kuvuta, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1989 kwenye kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Basi wauzaji huichanganya ndani ya plastiki, wakaikata punje, na mnunuzi akapima punje na kuzitia mashineni. Ni ubunifu mzuri. Ila kwa forodha, Dokezo la 1 la Sura ya 28 ya HS, ambamo 2825.80 imo, linataka kitu kimoja chenye muundo wa kemia unaojulikana, na punje ile ilikuwa mchanganyiko uliotengenezwa kwa kazi moja. Ilishatoka Sura ya 28 tangu ilipoingia kwenye mashine ya kukatia.

Ikaenda wapi? Hapo palikuwa na mabishano ya siku kadhaa. Afisa alielekea Sura ya 39, ya plastiki, na mtu akishika punje ile anamwelewa. Mzee akashikilia 3824, kifungu cha matayarisho ya kemikali yasiyo na kwao, kwa hoja kwamba poliethilini ni mbebaji tu na kinachonunuliwa ni oksidi. Uamuzi ulikuja kwa 3824. Nikarekebisha tamko, na faini ikalipwa. Sitasema ilikatwa wapi.

Halafu afisa akaushika na unga.

"Na huu je? Cheti kinasema 81."

Safari hii nilitoa bahasha mwenyewe. 81 kwa 83.5 ni 0.97. Asilimia tatu zilikuwa mafuta, na ndiyo maana mfuko haukutoa vumbi. Kwa mantiki iliyoning'oa kwenye punje, nao ulikuwa mchanganyiko. Usiku ule nilisoma Dokezo la 1 lote, kwa mara ya kwanza bila kuruka, na nikakuta aya ya (e): kitu kilichoongezwa ili kuzuia vumbi kinaruhusiwa, mradi kisiifanye bidhaa ifae zaidi kwa matumizi fulani maalumu kuliko matumizi ya jumla. Mwuzaji akatuandikia barua kwamba unga uleule, na mafuta yake, unakwenda kwa watengenezaji wa plastiki, wa mpira na wa rangi. Afisa akauliza kama 81 haiwezi kuwa trioksidi iliyochanganyika na tetroksidi. Nikamjibu kwamba hata ingekuwa hivyo, 2825.80 inasema "oksidi" kwa wingi. Akavaa miwani, akasoma, akagonga muhuri.

Nilipokwenda kuchukua hati za mwisho nilimuuliza kilichomfanya achague kontena letu kati ya yote yaliyokuwa pale. Nilidhani ni bahati nasibu ya kompyuta. Akafungua jalada, akanionyesha nakala ya cheti nilichokiambatanisha mimi mwenyewe. 66.8 ilikuwa imezungushiwa duara la penseli, na tarehe iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya siku mbili kabla ya lakiri kukatwa.