Juni ile Tampere, usingizi uliponirudia

Nilifika Tampere, mji wa Finland, kwa treni kutoka Helsinki, nikiwa na miezi mitano ya kulala kwa mang'amung'amu. Kila ikigonga saa nane usiku macho hunitoka, moyo ukinidunda. Juni huko jua huzama saa tano usiku imeshapita, na giza lenyewe haliingii sawasawa. Mama mwenye nyumba niliyofikia aliniona nilivyochoka akanielekeza Rajaportti, mtaa wa Pispala: sauna ya umma, yaani chumba cha joto na mvuke, ya mwaka 1906, kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Finland.

Simu inabaki na nguo. Unaoga, kisha unapanda kwenye mabenchi ya mbao, wanawake upande wetu, wanaume upande wao. Bibi mmoja akachota maji kwa kata akayamwagia mawe ya moto. Mvuke, wenyewe wanauita löyly, ukapanda hadi darini, halafu ukatushukia mabegani taratibu. Hakuna aliyesema neno. Nilitazama tone la jasho likitambaa kwenye mkono wa yule bibi, likasita kiwikoni, likadondoka. Nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimewaza chochote.

Nje uani tulikaa na taulo, ngozi zikifuka moshi. Hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Joto hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na ukitoka nje mwili hupoa upesi. Joto la ndani likishuka, ubongo hujua wakati wa kulala umefika. Basi usikimbilie kitandani ungali unachemka, jipe saa moja au mbili. Katika utafiti uliochapishwa 2019, watumiaji 482 wa sauna kutoka nchi mbalimbali waliulizwa, na zaidi ya 8 kati ya kila 10 walisema usingizi wao ulikuwa bora. Ni maelezo yao wenyewe, si kipimo cha maabara, lakini mimi nayaamini. (Mwenye ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza, na pombe isikaribie kabisa.)

Usiku ule nililala hadi saa moja asubuhi. Uliofuata niliamka tena saa nane. Nilingoja moyo uanze mbio zake, haukuanza. Nikasikia ndege wakilia nje, nikajigeuza upande wa pili.