Mzee alikuwa hawezi kuinuka chini, tulichofanya ni hiki

Baba ana miaka 70 na kitu, tupo Tanga, ilifika mahali akikaa mkekani mpaka avutwe mikono, msikitini akawa anaswali kwenye kiti. Daktari akamcheki akasema magoti yako poa, misuli ya mapaja ndo imelegea, na kutembea peke yake hakutoshi maana hata WHO (shirika la afya duniani) wanataka wa miaka 65 kwenda juu wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki na ya balansi siku 3.

Basi nikachukua kiti kigumu cha mbao (sofa hapana, linammeza mtu), nikakiegemeza ukutani nikaweka mito miwili kiwe juu. Anasimama bila kushika, anakaa TARATIBU, kule kushuka ndo kwenye kazi yenyewe, wengi wanajitupa tu. Mara 5, anapumzika, anarudia. Alipozoea tukatoa mto mmoja, baadaye wa pili. Jioni ya balansi, anasimama mguu mmoja kashika meza, analalamika kinoma eti namchezesha kwata😂

Saizi anainuka mwenyewe: anapiga magoti, mguu mmoja mbele, anasukuma. Mwenye presha asibane pumzi, ahesabu kwa sauti.