Ndovu kwenye Sakafu ya Ostia

Treni ya kwenda Ostia, magofu ya mji wa kale uliokuwa bandari ya Roma, huondokea Porta San Paolo, stesheni ndogo iliyo jirani kabisa na piramidi. Ndiyo, Roma ina piramidi yake: kaburi la mtu aliyeitwa Cestius, lililojengwa kabla ya Kristo kuzaliwa, miaka michache baada ya Warumi kuiteka Misri na kuanza kupenda mambo yake. Tuliipita mbio mimi na mdogo wangu, maana treni ilikuwa imebakiza dakika nne na tiketi alikuwa nazo yeye.

Mdogo wangu ni mtawa. Tangu aweke nadhiri, nyumbani Bagamoyo hakuna anayemwita kwa jina la utotoni, hata mama. Sote tunamwita Sista. Mimi nimembeba mgongoni, na bado namwita Sista, naye ananiita Kaka. Yuko Roma kwa masomo, huu ni mwaka wa tatu. Nilikwenda kumtembelea nikiwa na mfuko wa korosho kutoka kwa mama, khanga mbili, na swali moja la mama ambalo siku zote zile nilikuwa sijapata pa kuliulizia.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimeingia Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapigano, na kundi la watu zaidi ya thelathini, kila mmoja na kidude sikioni. Mwongozaji aliijua kazi yake, lakini watu walikuwa wengi na muda haukumtosha. Mimi nilitaka kujua mawe yale yote, na wale wanyama wa kupiganishwa, vilikuwa vikifikaje mjini. Kabla sijapenya kwenda mbele kuuliza, kibendera chake kilishafika mlango wa pili. Jioni nikamsimulia Sista. Akaniambia, "Kaka, wewe hutafuti majumba, unatafuta bandari. Kesho twende Ostia, na tuchukue mwongozaji wa peke yetu."

Mwongozaji alitungoja getini, mwanamke wa makamo aliyesomea akiolojia, kitambulisho cha leseni kikining'inia shingoni. Alikuwa na ramani mkononi, amekwishaichora njia ya saa tatu. Akatuuliza tunapenda kuona nini. Nikamwambia kwamba kwa miaka 22 nimefanya kazi ya wakala wa forodha bandari ya Dar es Salaam, natoa mizigo ya watu, na kwamba ningependa kuona namna wenzangu wa zamani walivyokuwa wakifanya kazi. Sista alitafsiri kwa Kiitaliano. Yule mama akacheka kwa furaha, akaikunja ramani na kuitia mfukoni. "Basi tutapita njia nyingine," alisema. Ndivyo nilivyotembezwa Ostia kwa Kiswahili: yeye anasema, Sista anatafsiri, mimi nauliza, na hakuna wa kutuharakisha.

Tulipita makaburi yaliyo nje ya lango la kale bila kusimama sana, tukaingia kwenye barabara kuu. Imetandikwa mawe meusi ya volkano, makubwa, yaliyolainika kwa kukanyagwa. Pande zote mbili kuna kuta za matofali mekundu membamba, nyingine zimebaki na ngazi zinazopanda kwenye ghorofa ambazo hazipo tena. Juu ya yote kuna misonobari yenye vichwa kama miavuli. Nilitembea nikitazama huku na huku, kisha nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu wa pwani angeuliza: maji yako wapi?

Alisema hapo ndipo penye habari yote. Ostia ni jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, yaani mdomo wa mto Tiber. Mji ulikuwa pale mto unapokutana na bahari. Lakini mto ulileta tope karne baada ya karne, ukasukuma pwani mbele, na leo bahari iko umbali wa kilomita tatu hivi. Mwaka 1557 mto wenyewe ulifurika ukahama njia, ukauacha mji mkavu. Baadaye sehemu ile ikawa mabwawa yenye malaria, na watu wachache tu waliweza kuishi huko hadi vibarua kutoka Ravenna walipoyakausha miaka ya 1880. Sista alipotamka neno malaria tulitazamana. Sikuwa nimewahi kuufikiria ugonjwa ule kuwa wa Ulaya.

Kisha akatupandisha kwenye ngazi za ukumbi wa maonyesho. Ukumbi wenyewe, wenye viti vya mawe vilivyopangwa nusu duara, ulianza kujengwa zama za mfalme Augusto, na bado hutumika majira ya joto. Lakini alitupandisha ili tuangalie upande wa pili. Nyuma ya jukwaa kuna uwanja wa mstatili, katikati msingi wa hekalu, na kuzunguka uwanja ule vyumba vidogo vidogo vipatavyo 60, vimepangana kama maduka ya sokoni. Mbele ya vyumba vingi, sakafuni, kuna mozaiki ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Wasomi wengi wanaona kwamba hizi zilikuwa ofisi za wenye meli na wafanyabiashara, na kila mozaiki ndiyo ilikuwa kibao cha ofisi.

Nikashuka ngazi zile kama mtu anayekwenda kazini.

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Ofisi za mwanzo ni za wasokota kamba na watu wa kalafati, wale waliouza nyuzi za kuzibia nyufa za meli. Ni kazi ile ile ambayo mafundi wa majahazi Bagamoyo wanaifanya kwa pamba na mafuta hadi leo. Inayofuata ni ya watu wa ngozi. Halafu zikaanza ofisi za ng'ambo: Narbonne ya Gaul, ambayo leo ni Ufaransa; Karales, ambayo leo ni Cagliari kule Sardinia; Aleksandria ya Misri. Na nyingi, nyingi sana, za Afrika: Karthago, Misua, Gummi, Sullecthum, miji iliyokuwa kwenye pwani ya Tunisia ya leo. Mwongozaji alieleza kwamba Warumi walipotamka Afrika walikuwa wakimaanisha jimbo lile, na kutoka pale jina likaenea bara zima. Kwenye sakafu zile kuna meli zenye tanga zilizojaa upepo, mnara wa taa, pomboo, na mchukuzi anayehamisha mtungi kutoka meli moja kwenda nyingine, ubao mwembamba ukiwa daraja chini ya miguu yake.

Kwenye ofisi ya 14 nilichuchumaa. Ndovu amesimama peke yake, mwili wake wote ni vijiwe vyeusi, na mstari mweupe mwembamba umepita kuonyesha sikio na mikunjo ya miguu. Pembe ni nyeupe. Juu yake pameandikwa STAT SABRATENSIVM: ofisi ya watu wa Sabratha. Sabratha iko Libya, magharibi ya Tripoli. Watu wake walichagua ndovu awe alama yao. Wako wanaosema waliuza pembe, na wako wanaosema waliuza ndovu wazima kwa ajili ya viwanja vya michezo. Nikamwambia yule mama kwamba mji wetu nao ulikua kwa pembe za ndovu, zilizobebwa na wapagazi kutoka bara hadi ufukweni, na kutoka ufukweni kwa majahazi hadi Unguja. Akaniambia jambo ambalo Sista ilibidi alitafsiri mara mbili: kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, yanayotaja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu, na bidhaa ya kwanza ya Rhapta ni pembe. Jina la Rhapta nililisikia shuleni na nikalisahau. Pale nimechuchumaa sakafuni, lilinirudia likiwa na uzito wake.

Nikamuuliza: meli kubwa iliyotoka Misri na ngano, iliwezaje kuingia kwenye mto kama huu? Akasema haikuweza. Mzigo ulipakuliwa nje na kupakiwa kwenye vyombo vidogo vilivyokokotwa kupanda mto hadi Roma. Yaani matishali, nikamwambia Sista. Hatari yake tunaifahamu sisi tuliokaa bandarini: kupakua mara mbili ni hasara mara mbili. Ndiyo maana mfalme Klaudio alianza kuchimba bandari mpya kaskazini ya Ostia mwaka 42 baada ya Kristo, yenye kuta zilizoingia baharini. Haikutosha. Mwaka 62 dhoruba ilizamisha meli zipatazo 200 zikiwa ndani ya bandari hiyo hiyo. Nilimwomba Sista arudie tarakimu. Meli 200, zote zimefika, mzigo uko ndani, nahodha anahesabu amesalimika. Baadaye mfalme Trajano akachimba bwawa la pembe sita, ndani zaidi, mbali na mawimbi. Bado lipo, ni ziwa lililo karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino. Nilipokuwa natua sikujua kama nilipaswa kuchungulia dirishani.

Kulikuwa na sababu ya gharama zote zile. Zama za Augusto wanaume zaidi ya 200,000 mjini Roma walikuwa wakipewa nafaka na serikali. Meli za Misri na za Afrika zikichelewa, mji ulichafuka.

Tukapita mgahawa wa kale wenye kaunta ya marumaru na picha ya vyakula ukutani, mzuri kweli, lakini mwongozaji alikuwa anatuvuta kuelekea barabara ya mtoni. "Huku watalii huwa hawaji," alisema. Alitusimamisha kwenye mlango wa chumba kimoja ambacho kilikuwa cha chama cha wapimaji nafaka. Sakafuni pana wanaume wa vijiwe vyeusi. Mmoja anakuja na gunia begani. Katikati kimesimama chombo cha kupimia, mfano wa ndoo, ambacho kwa kipimo chao kilichukua kama lita tisa. Mpimaji ameshika kijiti bapa. Kando yake kijana ameshika kamba iliyotungwa vibao vya kuhesabia: gunia moja likipita, kibao kimoja.

Huyo kijana ni mimi. Nilianza kazi nikiwa karani wa kuhesabu magunia getini, na kalamu yangu ya risasi ilikuwa ikifanya kazi ya kibao kile.

Nikauliza kijiti ni cha nini. Mwongozaji akapitisha kiganja hewani, kama mtu anayepangusa meza. Ni cha kufutia juu, ili nafaka ilingane na ukingo wa chombo. Basi nikamweleza habari za bibi yetu, aliyeuza mchele kwa kibaba sokoni Bagamoyo. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kinachofutwa juu kikawa sawa, na kibaba cha tele, kinachoachwa na kilima chake. Bei zilikuwa tofauti, na mteja aliyelipa bei ya mfuto akataka tele alirudishwa kwa maneno makali. Yule mama alitoa daftari. Alimwomba Sista atamke polepole, akaandika: mfuto. Chini yake: tele. Kisha akaitazama ile mozaiki kwa muda, kana kwamba naye alikuwa anaiona upya.

Saa zetu zilikwisha, lakini alitusindikiza hadi kijiji kidogo kilicho nje ya magofu, chini ya ngome, kwenye kanisa la Mtakatifu Aurea. Hilo lilikuwa ombi la Sista. Ndani kuna kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kilatini, kilichookotwa mwaka 1945 na vijana waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo. Ni sehemu ya jiwe la kaburi la Mtakatifu Monika. Mwongozaji akatuaga mlangoni kwa kutushika mikono yote miwili.

Sista ndiye aliyenisimulia, kwa sauti ya chini, tumekaa benchi la mbele. Monika alikuwa mama wa Kiafrika, kutoka sehemu za Algeria ya leo. Mwaka 387 alikuwa Ostia na wanawe, mmoja wao Mtakatifu Agostino, wakingoja meli ya kurudi nyumbani. Akashikwa na homa, na siku ya tisa akafariki, ana miaka 56. Alikuwa ameandaa kaburi kando ya mumewe kule kwao. Mwanawe mwingine, ndugu wa Agostino, akasikitika kwamba mama anafia ugenini. Monika akawaambia wauzike mwili wake popote, wasisumbuke nao. Anachoomba ni kukumbukwa kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa.

Nilikaa kimya. Kisha nikaona kwamba nisipouliza hapo sitauliza tena.

"Sista, mama ameniagiza swali. Anasema, likitokea la kutokea huku, shirika litakurudisha?"

Hakushtuka. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya shela yake, kama alivyokuwa akifanya na ncha ya khanga ya mama alipokuwa mdogo.

"Mwambie korosho zimefika, Kaka, na masomo yanaisha mwakani."

"Na hilo lingine?"

"Hilo lingine nitamjibu mwenyewe, nikifika."