Siku niliyoimwaga alili bromidi yote kwa mpigo

2011, mwaka wa tatu chuo, Dar, ule mwaka wa mgao wa umeme. Nilipewa projekti ya kutengeneza N-alilianilini, yaani anilini iliyobeba alili mmoja kwenye naitrojeni yake, na nikafurahi kweli maana kwenye karatasi ni mistari mitatu tu, unachukua anilini (pete ya kaboni yenye naitrojeni pembeni), unaiwekea alili bromidi (inayokuja na huyo alili, kipande cha kaboni tatu), unatia potasiamu kaboneti ya kula asidi inayotoka, unakoroga, unachuja, umemaliza, unaenda kula chipsi.

Anilini tuliikuta stoo kwenye chupa nyeusi, imeshakuwa rangi ya chai ya rangi kwa kukaa na hewa. Mzee wa maabara akaniambia "hii usiitumie hivi mwanangu, ichemshe kwanza uivune upya", tukaitia vumbi la zinki kidogo, ikatoka kwenye nyuzi 184 haina rangi kabisa, kama maji. Af akanipa glavu mbili mbili, akasema hiyo ikipita kwenye ngozi inaharibu damu, unaona mtu midomo inakuwa ya bluu mchana kweupe. Nikavaa bila ubishi.

Hesabu yangu ilikuwa moja kwa moja, moli 0.05 ya hiki na moli 0.05 ya kile (moli ndiyo kipimo cha idadi ya chembe). Gramu 4.65 za anilini, gramu 6.05 za alili bromidi, ambayo ni kama mililita 4.3 tu, kitu cha kijiko. Moja kwa moja, haki bin haki, nani angebisha?

Sasa umeme ulikuwa unakatwa saa nane. Saa saba na nusu mimi bado nafunga kondensa, nikajiambia nikianza kudondosha tone tone hapa stira itazimika katikati, bora nimwage yote. Nikamwaga yote. Na umeme wenyewe haukusubiri hata hiyo saa nane, ukakatika, feni ya kabati la kuvuta moshi ikanyamaza, na ile harufu ikanirudia usoni. Ambaye hajawahi kukutana na alili bromidi achukue kitunguu kikali akizidishe mara ishirini, yani macho hayafunguki, nilitoka nje napapasa ukuta na machozi mpaka kwenye kola, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanadhani nimefiwa. Baadaye nikajua kumbe hata hilo jina alili limetokana na jina la Kilatini la kitunguu saumu, wala sikushangaa.

Jioni umeme uliporudi nikakoroga mpaka usiku, asubuhi nikapima kwa kibati cha TLC, kile chenye unga mwembamba kinachotenganisha vitu vilivyochanganyika. Chini ya taa ya UV yakatoka madoa matatu. La chini anilini, bado ipo. La juu kabisa, nene, kitu nisichokitarajia. Na katikati, jembamba kama limechorwa na mtu anayebania wino, ndiyo N-alilianilini yangu.

Nikampelekea Dokta, mwalimu wangu. "Shikamoo Dokta, reaksheni imegoma." Akatazama kibati akacheka, "haijagoma, imezidi kukubali". Akanieleza: naitrojeni ya anilini ina jozi ya elektroni, ndiyo inayomvamia alili, lakini ikishapata alili mmoja inazidi kuwa na hamu, maana huyo alili anaisukumia elektroni zaidi, kwahiyo inamtaka na wa pili. Kama mtoto aliyeonja kachori moja kabla ya futari. Lile doa la juu lilikuwa N,N-dayalilianilini, yenye alili wawili, na kwa kila moja ya hiyo niliyoipata kuna anilini moja imebaki imekaa bure.

Af akaniuliza namjua Perkin, yule mkemia Mwingereza? Nikasema wa rangi ya zambarau. Akasema haya, na hiyo rangi alikuwa anaitafuta? Ndo nikajua kwamba 1856, kijana wa miaka 18, likizo ya Pasaka, kwenye maabara yake ya nyumbani mashariki ya London, Perkin alikuwa anatafuta kwinini, dawa ya malaria, na alianza na ndugu wa hiki kitu changu, aliltoluidini. Alihesabu atomu tu: aliltoluidini mbili, ongeza oksijeni, toa maji, unapata C20H24N2O2, kwinini hiyo. Hesabu inalingana kabisa! Akaitia oksijeni kwa potasiamu dikromati, akapata tope la wekundu wa kahawia. Akajaribu na anilini yenyewe, tope jeusi, ndo alipolisafisha kwa alkoholi ikatoka ile zambarau.

Mimi kwinini nimeinywa utotoni Pemba, masikio yanavuma siku tatu, bibi ananishikilia kidevu. Kusikia kuna mtu alidhani ataipata kwa kujumlisha na kutoa, na mimi na moli zangu 0.05 kwa 0.05, nikaona haya kidogo lakini pia nikapata faraja.

Mara ya pili nikaweka anilini mara nne, mililita 18 hivi, nikadondosha alili bromidi tone tone kwa karibu masaa mawili, nimekuja saa kumi na mbili asubuhi kuuwahi mgao. Kaboneti sikuweka, anilini iliyozidi ndiyo inakula asidi, unaona chumvi nyeupe zinajaa chupani. Utamu ulikuwa kwenye kuiondoa hiyo anilini ya ziada: baada ya kuyatenga mafuta kwa soda kali, ukiyamwagia maji ya zinki kloridi anilini inagandana nayo, N-alilianilini haigandani. Niliona kwa macho, mwiko wa kioo ukasimama wima kama kwenye ugali. Nikaacha usiku kucha, nikachuja, nikasuuza na petroli etha, nikapima. Doa moja!

Dokta alikuwa anaitaka ili aipashe kwenye zaileni na zinki kloridi tena, nyuzi 140, alili ahame kutoka kwenye naitrojeni akakae kwenye pete yenyewe, jirani na naitrojeni, halafu kwa paladiamu aifunge iwe indoli, yaani pete mbili zilizoungana, njia ambayo Wamarekani waliionyesha miaka ya 1970. Hiyo aliifanya mwenzangu mwingine.

Ile chupa ya kwanza mzee wa maabara alinikataza kuimwaga. "Bandika jina, mwanangu, kitu cha watu hicho." Nikabandika, jina langu, tarehe, na neno dayalili nililoliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi.